Mdogo wangu anataka kunilipia leza ya macho, nami nashindwa kusema ndiyo wala hapana

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma, nina miaka 43, nina mume na watoto watatu. Kibanda changu kiko jirani na soko la Majengo. Nashona vitenge na suti za akina mama wa maofisini, na mwisho wa mwaka ukikaribia nashona sare za shule mpaka usiku. Miwani navaa tangu sekondari. Namba yangu kulia ni -3.00 na kushoto -3.25, na kwa miaka mingi haijasogea.

Mama, miwani nimeichoka. Vumbi la kiangazi la huku kwetu unalijua. Nikiifuta kwa kanga ndiyo kwanza inakwaruzika. Nikinyanyua pasi ya mvuke inafunga ukungu. Joto la saa nane likipanda inateleza mpaka kwenye ncha ya pua, na hapo mikono yote miwili imeshika kitambaa chini ya sindano. Nikitoka bila miwani, kibao cha daladala ya Nkuhungu nakisoma gari likiwa limeshanipita. Shuleni waliniita Macho Manne. Sasa hivi wateja wananiita Mama Miwani, nami nacheka nao, lakini silipendi jina hilo.

Nina mdogo wangu wa kiume ambaye nilimlea mimi baada ya baba kufariki. Ada yake, sekondari mpaka chuo, ilitoka kwenye cherehani hii. Sasa ana miaka 29, anafanya kazi Dar es Salaam, na mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa leza. Anavyosimulia, alilazwa kitandani, akatiwa matone ya ganzi, akaambiwa aitazame taa asiihame. Akasikia harufu ya kitu kinachoungua, na kabla hajamaliza kuogopa akaambiwa jicho la pili nalo tayari. Jioni ile macho yalimwasha, machozi yakamtoka bila kukoma. Kulipokucha akaisoma saa ya ukutani akiwa bado amelala. Tangu hapo ni mhubiri wa leza. Ananiambia, "Dada, wewe ulinisomesha, acha na mimi nikuvue hiyo miwani." Amepanga kila kitu: Desemba atakuwa likizo, nipande SGR asubuhi, mchana niko Dar, nikae kwake wiki moja, gharama zote juu yake.

Sasa kuna rafiki yangu wa kwaya. Naye alifanyiwa, tena kwa madaktari wa kuaminika. Mbali anaona safi, na miwani hajaigusa tena. Lakini macho yake ni makavu. Anatembea na kichupa cha matone kwenye pochi, na upepo wa Agosti ukianza anafunga madirisha ya ofisi mpaka wenzake wananuna. Usiku taa za magari anaziona zimezungukwa na duara la mwanga, kwa hiyo safari ya Singida lazima aimalize jua likiwepo. Nilimuuliza kama anajuta. Akanyamaza kwanza, kisha akasema, "Ningefanya tena, ila ningeuliza maswali mengi zaidi."

Mume wangu hataki hata kulisikia. Anasema macho yanayoona unayachokonoa ya nini. Tena anaongeza kwamba kama shemeji yake ana hela za kuchezea, aninunulie ovaloki, ile mashine ya kumalizia kingo za nguo, maana kupeleka nguo kwa jirani kila siku kunakula faida yote. Mama yangu yuko Kongwa. Nilipomwambia, alilia kwenye simu. Yeye vikope vilimtesa miaka mingi, kope zikageukia ndani, bibi akawa anamng'oa moja moja kwa kibano, mpaka alipofanyiwa upasuaji wa kope. Anasema macho ya ukoo wetu yameteseka vya kutosha. Hata mimi nakumbuka kupakwa dawa ya macho nikiwa mdogo, sijui ilikuwa ya nini.

Kutaka, nataka. Nataka nisimame kwenye kwaya nimwone mwalimu wetu bila kitu usoni. Nataka na mdogo wangu afurahi. Lakini naogopa kupofuka, na naogopa Desemba, maana ndiyo msimu wangu wa sare. Kuna na hili dogo: siku hizi nikiwa na miwani tundu la sindano silioni vizuri. Naipandisha kichwani, nasogeza sindano karibu na uso, uzi unapita mara moja. Mdogo wangu anasema leza itamaliza na hilo.

Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nifanyeje?

Fundi wa Majengo, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu Fundi.

Umeniletea swali la leza, lakini ndani ya barua yako mna kijana anayetaka kulipa fadhila, mume ambaye hoja yake ya ovaloki haijajibiwa, na mama anayekumbuka kibano. Wote wanakupenda, na kila mmoja anakushauri kwa macho yake yeye. Yako wewe hayajapimwa bado. Sijaona mahali ulipoandika kwamba daktari ameyatazama tangu habari hii ianze, na ndiyo maana ndiyo yako na hapana yako zote zinakukwama.

Nianze na lile uliloliita dogo, kwa sababu mimi naona ndilo kubwa kuliko yote.

Ndani ya jicho kuna lenzi inayojibana na kujilegeza ili tuone karibu na mbali. Kuanzia miaka arobaini hivi lenzi hiyo inakuwa ngumu, inashindwa kujibana, na mtu anaanza kusogeza Biblia mbali na uso. Hili halimwachi mtu, awe alivaa miwani utotoni au hakuvaa. Mdogo wako ana miaka 29, hajalifikia. Wewe umeshalifikia, ila una njia ya kulikwepa ambayo wenzako hawana: unavua miwani. Jicho lenye namba -3, likiwa tupu, linaona vizuri kabisa kitu kilicho umbali wa mita moja gawanya kwa tatu, yaani sentimita 33 hivi. Lako la kushoto ni kama sentimita 31. Chukua tepu yako shingoni, mwambie mwanao apime kutoka jichoni mpaka kwenye sindano unapotunga uzi. Nadhani utakuta ni hapo hapo au karibu na hapo.

Leza haiigusi lenzi hiyo. Inachonga konea, kile kioo kilicho mbele ya jicho, na kwa mtu asiyeona mbali inaipunguza katikati ili taswira iangukie kwenye retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, badala ya kuishia mbele yake. Ikikuondolea -3 yote, kibao cha Nkuhungu utakisoma kikiwa mbali na mwalimu wa kwaya utamwona mpaka vidole. Lakini sindano unayoitunga leo kwa kuvua miwani, utaitunga kwa kuvaa miwani ya kusomea, na miaka ikienda utahitaji yenye nguvu zaidi. Mdogo wako hakukudanganya. Kwake leza imemaliza yote kweli. Kwako inaweza kuihamisha miwani kutoka barabarani kuileta kwenye cherehani.

Usilichukue hilo kuwa ni katazo. Wapo watu wa umri wako wanaolijua jambo hili vizuri na bado wanafanya, kwa sababu wanachokitaka ni kutembea, kuendesha gari na kuamka asubuhi bila kupapasa meza. Wapo na wanaoligundua wakarudisha mguu nyuma. Fundi anayeshinda juu ya kitambaa kuanzia asubuhi mpaka jioni hayuko sawa na dereva wa basi. Swali ni wewe, katika siku yako, unatazama wapi zaidi, na ni kuona kupi kukipungua utakosa amani.

Kuna njia ya katikati ambayo daktari anaweza kuitaja: jicho moja linarekebishwa kwa ajili ya mbali, la pili linaachiwa namba kidogo ili lisaidie karibu. Baadhi ya watu ubongo wao unazoea wakasahau kabisa. Wengine wanasumbuliwa na kizunguzungu, au wanashindwa kukadiria vizuri kina na umbali, na kwa mtu mwenye mkasi mkononi hilo si la kupuuza. Uzuri wake ni kwamba unaweza kulijaribu kabla hujaguswa, kwa lenzi za kuvaa juu ya jicho (contact lens). Ukilijaribu, usiishie kusoma herufi za ukutani pale kliniki. Rudi kwenye kibanda, weka zipu ya kuficha kwenye gauni la rangi nyeusi, kaa nayo siku kadhaa, ndipo useme.

Tuje kwa mashahidi wako wawili. Mimi nawaamini wote. Upasuaji huu umefanyiwa watu wengi sana duniani tangu miaka ya 1990, na wengi wanasimulia kama mdogo wako. Lakini ukavu wa macho anaousema rafiki yako ni wa kweli na madaktari wanaujua. Katika ule upasuaji unaoitwa LASIK, konea inakatwa kifuniko chembamba, kinafunuliwa, leza inafanya kazi chini yake, kisha kinarudishwa. Kukata huko kunakata na neva ndogo zinazoliambia jicho litoe machozi. Kwa walio wengi ukavu unapungua ndani ya miezi, kwa baadhi unabaki. Yale maduara ya taa usiku nayo mara nyingi hupungua, lakini si kwa kila mtu. Aliyekuwa na macho makavu kabla ya upasuaji yuko kwenye hatari zaidi, na hewa ya Dodoma haimsaidii mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo rafiki yako usimuulize tena kama anajuta. Muulize macho yake yalikuwaje kabla, alipimwa machozi au hakupimwa, na ni maswali gani hayo anayotamani angeuliza. Hilo la mwisho amekufungulia mlango mwenyewe.

Muulize na mdogo wako alifanyiwa upasuaji wa aina gani, maana hauko mmoja. Kuamka na kuisoma saa ya ukutani kunaelekea LASIK, au ule unaoitwa SMILE, ambapo wanatoa kipande chembamba cha konea kupitia tundu dogo bila kufunua kifuniko. Ukiwa na konea nyembamba, daktari anaweza kukushauri PRK. Hapo hakuna kifuniko. Ngozi ya juu ya konea inaondolewa na kuachwa iote upya. Siku za mwanzo zina maumivu makali, na kuona kunatulia polepole kwa majuma. Ikiwa hivyo, ile wiki moja ya kukaa kwake haitoshi, na kushona sare mara tu unaporudi ni ndoto.

Mama yako wa Kongwa. Najua machozi ya mzazi kwenye simu yanavyomchanganya mtu, akaishia ama kumtii bila kuelewa au kumwona wa zamani. Usimfanyie lolote kati ya hayo. Vikope, ambavyo hospitali wanaviita trakoma, viliisumbua Kongwa kiasi kwamba watafiti walipiga kambi huko miaka ya 1980, wakifuatilia hata jinsi watoto wanavyonawishwa uso. Ugonjwa huo unaweza kuacha makovu ndani ya kope la juu bila mtu kujua, na makovu hayo yanaweza kuvuruga machozi na kuidhuru konea. Ile dawa uliyopakwa utotoni inawezekana ilikuwa ya hicho hicho. Inawezekana pia hukubaki na alama yoyote. Daktari akikugeuza kope za juu na kuzitazama, atakwambia. Mwambie habari za mama yako kabla hajakuuliza, kwa sababu fomu ya kliniki ya leza huenda isiwe na mahali pa kuandika hilo. Na usisubiri Dar kwa hatua hiyo. Idara za macho Dodoma zipo, na hospitali ya Mvumi huduma yake ya macho ni ya siku nyingi.

Kupofuka unakokuogopa ni nadra, lakini hakuna daktari mkweli atakayekwambia hakuwezekani. Kuna maambukizi. Kuna konea kudhoofika na kuvimba kwenda mbele baadaye, jambo linalowapata zaidi wale ambao konea yao ilikuwa nyembamba mno au ilishaanza kuchongoka, ugonjwa unaoitwa keratokonasi. Ndiyo maana kipimo cha kuchora ramani ya konea na kupima unene wake hakirukwi. Kliniki ikikupa tarehe ya upasuaji kabla ya kukupa majibu ya kipimo hicho, ondoka. Kama kuna wanaorudishwa nyumbani baada ya vipimo, mimi ningeiamini zaidi kliniki hiyo. Na kitu kilichochongwa hakirudishwi, wakati miwani unaivua ukitaka.

Mumeo amesema kwa ukali, lakini hebu tulitazame neno lake. Kwamba macho yanaona, ni kweli, yanaona kwa miwani. Asichokijua ni jinsi inavyochosha, maana wasiovaa miwani hudhani ni pambo tu. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, pasi na ukungu na jina la Mama Miwani. Halafu nawe msikilize kwenye ovaloki, kwa sababu hapo anaongea kama mtu anayepiga hesabu za nyumba yenu. Sijui kama mmewahi kulikalia hilo bila leza kuingia katikati.

Kuna jambo nimelisita kukuandikia nisije nikaonekana nakuzungusha. Umesema namba yako haijasogea miaka mingi, lakini hujasema kama kuna mtu amekupima kuona karibu tangu ulipovuka arobaini. Kama miwani uliyonayo ni ya mbali tu, basi sehemu ya uchovu wako huenda inatoka kwenye miwani isiyolingana tena na umri wako. Ipo yenye sehemu mbili, juu mbali na chini karibu, na ipo inayobadilika polepole bila mstari. Itakugharimu sehemu ndogo tu ya gharama ya leza. Haitazuia mvuke wala vumbi, na jina la Mama Miwani litabaki pale pale, na inachukua muda kuizoea kwenye ngazi. Lakini kama hujawahi kuijaribu, bado hujajua ni nini hasa unachokikimbia.

Sasa huyu kijana. Naona kinachokubana zaidi ni uso wake ukimwambia hapana. Lakini fikiria na upande wa pili. Ukifanyiwa, kisha macho yakawa makavu au ukabaki unatafuta miwani ya kusomea kila dakika, utaweza kumwambia? Au utanyamaza kwa sababu ilikuwa zawadi? Wengine hunyamaza na maumivu kwa kuogopa kuonekana hawana shukrani, na daktari anachelewa kuwaona. Kabla ya kukubali, hakikisha mnaweza kuongea hata yakienda vibaya. Kabla ya kukataa, jua kwamba kwake hili si la macho tu. Anatafuta pa kuiweka ile ada. Ukimfungia mlango huu bila kumwonyesha mwingine, atabaki nalo moyoni.

Ningekuwa jirani yako ningekwambia umwombe kitu kimoja kwanza: alipie vipimo, vipimo peke yake, na akusindikize. Mwambie hivi: "Mdogo wangu, nimefurahi mpaka nimekosa usingizi. Macho yangu si kama yako, mimi nina arobaini na tatu na nashona. Nipeleke nikapimwe, tusikilize wote wawili anachosema daktari, ndipo tuamue." Akiwa chumbani na wewe daktari anapoeleza habari za kuona karibu, hutalazimika kubishana naye.

Desemba usiikubali kwa sababu tu ni likizo yake. Baada ya upasuaji unatakiwa kurudi kuonwa, kesho yake, kisha wiki, kisha miezi, na siku za mwanzo hutakiwi kufikicha macho, kuingiza maji wala kukaa kwenye vumbi. Kipindi sare zimeisha na mvua zimetuliza vumbi kinaweza kukufaa zaidi kuliko Agosti ya upepo, lakini kalenda ya kibanda chako unaijua wewe. Uliza mapema nani hapa Dodoma atakuona jicho likikusumbua usiku, ili usitegemee SGR pekee. Na ukiamua kufanya, zile karatasi za vipimo vya kabla zitunze pamoja na vyeti vya watoto. Ukija kupata mtoto wa jicho uzeeni, daktari atazihitaji ili achague lenzi sahihi ya kukuwekea, na hata presha ya macho ya mtu ambaye konea yake imepunguzwa husomeka chini kuliko ilivyo kweli.

Mwisho wa mwezi ni tarehe aliyoiweka mdogo wako kwa sababu ya likizo yake. Namba yako imetulia miaka yote hiyo, haitakimbia. Ukishageuzwa kope na kupimwa machozi na konea, niandikie tena uniambie daktari alisema nini, na mumeo alisema nini ulipomweleza habari ya sindano.